Mti wa Kupanda

Mji wetu hauna jina, kwa sababu hakuna mtu wa humu aliyewahi kufika pengine akaulizwa anatokea wapi. Tumo tu. Kila nyumba ina siku zake: unaweza kwenda kwa jirani kuomba chumvi ukakuta kwao ni Ijumaa, nawe kwako umeacha Jumapili na nguo ziko kambani. Hatushangai. Mtu akibisha hodi huuliza kwanza, "Kwenu leo siku gani?" ndipo akauliza hali. Nayasema haya mapema ili nitakaposema kwamba Jumanne ilipotea nyumbani kwangu, mtu asije akanidhania nimerukwa na akili. Akili ninazo. Nilicho nacho ni wivu, na nimeuchambua punje kwa punje kama mchele.

Naitwa Havijawa. Mama alinipa jina hilo kwa kuwa kuna vitu alivyokuwa akivingoja, na siku niliyozaliwa vilikuwa havijawa. Hakuniambia ni vitu gani. Nimelibeba jina langu kama mtu aliyetumwa sokoni na kikapu bila kuambiwa anunue nini. Mume wangu ni Machano, seremala wa vitanda. Amewatengenezea watu wa mji mzima pa kulala, na kitanda chetu mguu mmoja tumeuegemeza kwa tofali. Simlaumu kwa hilo, kinyozi hajinyoi. Mimi sikuolewa kwa ajili ya kitanda. Nilikuwa na Jumanne.

Jumanne Machano alikuwa hashiki msumeno. Tulikaa uani, juani, kwa kuwa ua wetu haukuwa na mti hata mmoja wa kutupa kivuli. Mimi nikimenya mihogo, yeye akinitazama. Sina neno jingine la kuongeza hapo: alikuwa akinitazama. Nilimsimulia mambo ya wiki nzima na aliyakumbuka; Jumanne iliyofuata alikuwa akiniuliza yule mwanamke wa kisimani aliishia wapi. Siku sita alikuwa mume wa nyumba. Siku moja alikuwa wangu, na mwenye kuelewa ataelewa kwamba hayo si mamoja.

Kisha akapasua gogo. Lilikuwa gogo la mtondoo, limeoza katikati, na ndani yake alikuwamo chatu mchanga, mnene kiasi cha kifundo cha mkono, amejikunja akingoja sijui nini. Machano alivua shati lake, akamfunga, akamleta nyumbani kifua wazi. "Tumepata mgeni," alisema. Nikasema karibu mgeni, maana mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Machano alimpa nyumba. Alivunja dirisha la chumba changu, akatoa vioo vyote vinne, akavitia katika fremu ya mninga akapata sanduku ambalo mwanga uliingia pande zote. Aliliweka katika chumba cha pili. Tangu siku hiyo upepo ulilala na mimi.

"Utamwitaje?" nilimuuliza.

Alikuwa anafuta kioo kwa kiwiko. Akacheka. "Nimwiteje tena? Wewe si Bi Mkubwa? Basi huyu ndiye Bi Mdogo."

Sikucheka.

Kwanza alijifunza kwamba chatu hawezi kuishi kwenye sakafu tupu. Anakula, anakunywa, lakini roho yake hunyauka. "Nyoka asiye na pa kupanda," aliniambia, "anaona dunia yote ni sakafu." Alizungumza hivyo, mtu ambaye miaka kumi na mmoja alinijibu kwa "ehe" na "vyema." Akaenda kutafuta matawi. Hakutaka mwembe wala mkorosho, kwa kuwa utomvu wake huunguza ngozi. Alitaka mpera, mgumu, laini kwa kushika, uliokaukia juani. Unene wa tawi sharti ulingane na unene wa tumbo la mnyama. Alilichovya katika maji ya moto, maji niliyoyachemsha mimi kwa kuni zangu, akalisugua kwa makumbi ya nazi mpaka likang'aa, akalianika, akaligeuza, akalianika tena. Kisha akalifunga ndani ya sanduku kwa misumari ya mbao, akalitikisa kwa mikono miwili kuhakikisha halisogei. "Tawi likimwangusha mara moja tu," alisema, "hataliamini tena maisha yake yote."

Nilisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Mgongo wangu hakuusugua hata siku moja. Na mimi nimeanguka mara nyingi katika nyumba hii, na hakuna mtu aliyekuja kutikisa kitu kuona kama kinasogea.

Matawi yakawa mawili, yakawa matano. Kila Jumanne aliyatoa, akayaosha, akayarudisha kwa mpangilio mwingine, hili juu lile chini, hili limekwenda upande. Nilimuuliza kwa nini asiyaache yalivyo. "Asizoee," alisema. "Kiumbe akizoea kila kitu anakufa huku anapumua." Akatafuta na harufu: alifunga karafuu katika kitambaa akakiburuta juu ya tawi, wiki nyingine mchaichai, wiki nyingine jani la mlimau, ili Bi Mdogo apate habari mpya za dunia. Alimletea karai la kuogea. Alimletea gunia la majani makavu ya kupenya. Alimchongea kisanduku cha giza cha kujifichia, kwa sababu, alisema, anayetazamwa kila wakati lazima awe na mahali pa kutotazamwa.

Jumanne ikawa yake. Na baada ya wiki chache ikaacha kuja kabisa. Nililala Jumatatu nikaamka Jumatano. Nilidhani nimelala sana. Wiki iliyofuata nilikesha macho wazi mpaka kukapambazuka, na kulipopambazuka ilikuwa Jumatano, maji ya Jumatatu yakiwa bado ya uvuguvugu mtungini.

Wewe. Wewe usiye na mikono ya kumenya mihogo. Usiye na masikio, na bado yeye anakusemesha. Usiye na kope, kwa hiyo hata ukilala anadhani unamtazama. Mimi nikifumba macho huambiwa nimechoka. Wewe huna la kusimulia. Hukutoka kisimani. Hujui aliyeolewa wala aliyeachwa. Umefanya nini? Umepanda ukashuka. Ukapanda. Na mtu mzima, mwenye mvi mbili ndevuni nilizozigundua mimi, anashika pumzi.

Wajuzi wa maneno hutenga wivu na kijicho. Wivu, wanasema, ni wa mtu anayelinda chake, na kijicho ni cha mtu anayetamani cha mwenzake. Nilijaribu kujiweka upande mmoja nikashindwa. Machano alikuwa wangu, basi huo ni wivu. Matawi yalikuwa ya chatu, basi hicho ni kijicho. Lakini yale macho, yanapotoka kwa mtu wangu yakaenda kutua kwa kiumbe asiye wangu, njiani hapo katikati ni ya nani? Nilikaa jikoni na swali hilo mpaka wali ukaungua. Niliula hivyo hivyo, ukoko na yote, na sikumbakishia mtu.

Nikaenda kwa somo wangu, Bi Mwashamba, aliyenifunda nilipoolewa. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo. Alikuwa kibarazani anasuka ukili wa mkeka.

"Kwenu leo siku gani?" aliniuliza.

"Jumatano, somo. Jana ilikuwa Jumatatu."

Vidole vyake vikasimama. "Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tano."

"Ana mwingine?"

"Anaye. Yumo katika vioo vya dirisha langu."

Nikamweleza yote, gogo, mpera, karafuu. Nilitaraji acheke, nami nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alimwita nani, kwa mdomo wake?"

"Bi Mdogo."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu, somo. Lakini alikuwa anafanya mzaha."

"Mwari wangu, talaka ikitoka kwa mzaha si talaka? Basi na ndoa vilevile. Mume wako amekwisha kukuolea mwenzio." Akaanza tena kusuka. "Sasa usiende kumlilia penzi. Penzi halidaiwi. Haki hudaiwa. Mke mwenza akipewa doti, nawe doti. Akipewa sufuria, nawe sufuria. Alichompa yule akupe na wewe, sawasawa, asipunguze."

"Na Jumanne yangu?"

"Anza na vitu. Siku hufuata vitu."

Hapo somo alikosea, lakini hata aliyekufunda hajui yote. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Njiani niliwaza nitadai nini kwanza, na nikapata. Nitadai mti. Nitamwambia achimbe shimo katikati ya ua, atie mche, autilie maji, na siku moja utakuwa na kivuli, na Jumanne ikiona kivuli itajua pa kurudi. Nilifurahi njia nzima. Nilimkuta ukumbini anapiga randa.

"Machano," nilisema, "mwenzangu umemtilia miti. Na mimi nataka wangu."

Aliinua uso. "Mti gani?"

"Mti wa kupanda."

Lugha yetu ni bahili. Neno moja inalituma kazi mbili wala hailipumzishi: anayetia mche ardhini anapanda, na anayekwea anapanda. Mimi nilisema la ardhini. Yeye, ambaye mikono yake ilikuwa inanukia mpera, alisikia la juu. Niliona uso wake ukifunguka kwa namna ambayo nilikuwa sijaiona tangu Jumanne zilipokoma. "Na wewe?" alisema taratibu. "Siku zote hukusema." Akachukua kamba yake ya kupimia, akaja, akapiga magoti mbele yangu, akanizungushia kamba kiunoni kupata unene wa tawi.

Hapo ningeweza kumsahihisha. Neno lilikuwa ulimini. Lakini mikono yake ilikuwa kiunoni mwangu, na ilikuwa na joto, na alikuwa anahesabu vidole kwa sauti ya chini karibu na tumbo langu. Kwa ajili ya kamba ile nilikubali kupewa nisichokiomba, na nadhani wengi wanaotawaliwa walianza hivyo hivyo.

Aliniletea tawi nene la mpera, refu kama mlango. Aliliosha, akalisugua, akalianika. Akalifunga chumbani kwangu, toka ukuta huu hadi ule, juu kidogo ya kichwa, na tawi jingine dogo chini yake la kukanyagia. Akalitikisa kwa mikono miwili. Tangu hapo alikuwa mwadilifu, sitamsingizia. Karai lilikuja, langu kubwa kuliko la mwenzangu kwa kadiri ya mwili. Gunia la majani makavu lilikuja, likamwagwa pembeni mwa kitanda. Nilichongewa kisanduku cha giza ambacho niliweza kuingia nikikunja magoti. Alipoburuta karafuu kule, aliburuta na kwangu. Kila kinachoweza kukatwa kwa msumeno kilikatwa sawa kwa sawa. Nikauliza juu ya Jumanne. Akakuna kidevu. "Jumanne haigawanyiki, Bi Mkubwa. Nitakupa ijayo." Na ijayo haikuja.

Siku nyingi nililitazama tawi lile kwa dharau. Nilianikia kanga. Kisha asubuhi moja, Jumatano moja iliyobandikwa moja kwa moja kwenye Jumatatu, nilimsikia Machano chumba cha pili akizungumza, sauti laini, ile ya uani. Maneno sikuyapata. Wivu ukanipanda kichwani, na mimi nikaupanda mti. Nilikunja kanga kiunoni, nikakanyaga tawi dogo, nikashika kubwa, nikajivuta. Mwanamke wa umri wangu. Nilikwaruza goti, nikatukana, nikafika.

Kuta za nyumba yetu za ndani hazifiki juu. Zinaishia usawa wa boriti, na kutoka hapo mpaka paa hewa ni moja. Kwa miaka yote nililijua hilo, na sikuwahi kuwa mahali ambapo lingenifaa. Nilijilaza juu ya tawi, kidevu juu ya mkono, nikatazama chumba cha pili chote kwa chini.

Kifuniko cha sanduku kilikuwa wazi. Machano alikuwa amekaa kwenye kigoda na mkono wake wa kulia ameuingiza ndani, ameunyoosha sambamba na matawi, vidole vimetulia. Alikuwa amejifanya tawi. Chatu alikuwa juu ya mpera, amejiviringisha mara tatu. Alinyoosha kichwa, akatoa ulimi, akaugusa mkono wa mume wangu, kifundo, kiwiko. Machano hakupumua. Chatu akafikiri, kama wao hufikiri, kisha akarudisha kichwa chake kwenye tawi na kujikaza zaidi.

"Njoo basi," alisema Machano. "Mimi nina joto. Hilo lina nini? Nimekulisha. Nimekuogesha. Hilo limekufa tangu mwezi uliopita, mimi mwenyewe nililiua. Lina nini ambacho mimi sina?"

Nilikuwa nimelisema neno hilo hilo alfajiri ile, nimelisema kwenye mto wangu, herufi kwa herufi. Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulinifanya nikaribie kuanguka. Mume wangu hakuwa na mke wa pili. Mume wangu naye alikuwa mke mwenza, na mwenzake ni tawi. Mimi namwonea wivu chatu, yeye analionea wivu tawi, na tawi, ambalo halimtaki mtu yeyote, ndilo linalokumbatiwa. Basi kupendwa ndiko huku? Ni kulala kimya, mgumu, bila haja, wengine wakuzunguke? Na kama ni hivyo, sisi tunaobisha hodi, tunaochemsha maji, tunaosimulia habari za kisimani, tumekuwa tunafanya nini miaka yote hii?

Nilitaka kucheka. Furaha chungu ilinijaa kifua: na wewe uonje. Ikafuata huruma, kidogo, maana nilizijua zile mvi mbili. Kisha kikaja kitu cha tatu kilichoziua zote mbili. Machano alikuwa na wivu. Alikuwa amekunja uso, midomo imemkauka, anataka kulivunja lile tawi kwa meno. Mimi hakuwahi kunionea wivu. Wanaume walinisemesha sokoni mbele yake na yeye alichagua vitunguu. Alikuwa nao wote huu, umejaa, na hakutumia hata tone juu yangu. Nililia pale juu, na machozi yalidondokea upande wangu wa ukuta.

Siku iliyofuata alianza kuondoa matawi. Alitoa moja, akakaa na mkono wake ndani. Akatoa la pili. Alitoa karai, majani, kisanduku cha giza. Nilitazama kila siku kutoka juu, sikushuka ila kupika. Nilimwona mtu mpole akifanya wanachofanya wanaotaka kuchaguliwa: kwanza anaondoa vyote vingine, kisha anaita kilichobaki hiari. Alipomaliza, mkono wake ndio ulikuwa tawi pekee katika dunia ya yule mnyama. Chatu aliteremka sakafuni. Akaenda pembeni, akajikunja, akaweka kichwa katikati ya mwili wake mwenyewe, akakaa hivyo. Macho yake yakaingia ukungu wa bluu, wa nyoka anayekaribia kujivua. Panya aliyetiwa ndani alitembea juu yake na hakuguswa. Nilipaswa kufurahi. Mshindani wangu alikuwa ameanguka bila mimi kuinua ufagio. Lakini niliiona ile sakafu anayoiona, imekwenda pande zote, haina mwisho.

Asubuhi ya sita Machano alikuja chumbani kwangu na nyundo na patasi. Sikumsikia akipiga hodi. Nilikuwa juu.

"Ni haki, Bi Mkubwa," alisema, akitazama misumari na si mimi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Yeye nimemwondolea. Wewe nisipokuondolea nitakuwa nimependelea."

"Machano."

"Naam."

"Leo siku gani?"

Alifungua mdomo kujibu haraka, akaufunga. Nilimwona akitafuta ndani ya kichwa chake. Hakuna matawi yaliyongoja kuoshwa. Hakuna maji motoni. Nje, uani, jua lilikuwa limelala chini kwa namna niliyoijua.

"Jumanne," alisema.

Ilikuwa imerudi. Ilikuwa imejaa nyumba nzima, na sikuwa nimeitambua. Aliweka nyundo chini, polepole, akaniinulia uso, akanitazama. Alinitazama kwa jinsi alivyokuwa akiutazama ule mwili wenye madoa, kwa pumzi iliyoshikwa, kama kwamba naweza kuondoka muda wowote. Hata uani hakuwahi kunitazama hivyo.

"Shuka basi," alisema. "Twende tukakae. Unisimulie." Akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea kwangu, sambamba na tawi, vidole vimetulia.

Nilikuwa nimeungoja mkono ule wiki ngapi, nani atazihesabu, maana wiki zenyewe zilikuwa na siku sita. Mwili wangu wote ulitaka kushuka. Lakini niliujua mkono ule. Nilikuwa nimeuona ukifanya kazi. Nikishuka, nitamenya mihogo, nami nitakuwa nimepatikana, na kilichopatikana hutafutiwa mahali kwenye rafu. Nisiposhuka, atarudi kesho na karafuu, na keshokutwa na mchaichai, ataniosha, atanitikisia matawi, na kila Jumanne itakuwa ya kunibembeleza na hata moja haitakuwa ya kukaa pamoja. Nilipima hili na lile. Nililikumbatia tawi, na nakiri kwamba kulikuwa na utamu.

Hapo nikasikia kitu kikikwaruza upande wa pili wa ukuta. Sanduku alikuwa ameliacha wazi. Udongo ulianguka kidogo kidogo, vumbi likashuka, na juu ya ukuta, pale unapoishia, kikatokea kichwa. Alikuwa amepanda ukuta mtupu kwa tumbo lake, na sijui alishika nini. Macho yake yalikuwa ya ukungu, hakuona kitu, lakini ulimi ulikwenda ukarudi, ukaja ukapita karibu na uso wangu, ukashuka ukapata harufu ya mpera. Tawi la mwisho katika nyumba ile lilikuwa chini yangu. Alibaki hapo, nusu yuko ukutani, nusu yuko hewani, anatetemeka kwa uzito wake mwenyewe.

"Bi Mdogo," alisema Machano, na mkono wake ukahama kutoka kwangu ukaelekea kwake. "Njoo. Njoo kwangu."

Ulimi haukuelekea huko hata kidogo.

Nilimchukia chatu kwa muda, nasema kweli, kama nilivyomchukia kila siku. Nilikaza mapaja juu ya tawi. Ni langu, nilitaka kumwambia, nimepimiwa mimi. Kisha mwili wake ukateleza, kiasi cha shibiri, ukajishika tena. Nikamwona alivyo: hakumnyang'anya mtu chochote. Alitolewa kwenye gogo, akaitwa mke, akapewa vitu, akanyang'anywa vitu, na katika yote hayo hakuna aliyemuuliza.

Nikasogea.

Nilisogea kadiri ya mwili mmoja, nikabana ukutani. Alinyooka, akaligusa tawi kwa kidevu, akalijaribu, akaja. Alipita begani kwangu mzito na wa baridi, akajizungusha mara moja kwenye mpera, mara moja kwenye mkono wangu kwa kuwa haukumzuia, mara moja kwenye mpera tena, na akatulia. Nilisikia moyo wake au wangu. Tawi lililia kidogo kisha likanyamaza.

Machano alikuwa bado amesimama chini, mkono umenyooka katikati ya vitu viwili, na ulikuwa umeanza kuchoka.

"Na mimi?" aliuliza.

Nilimtazama kutoka juu, sikuwa na haraka.

"Ngoja zamu yako," nilimwambia.

Akakaa sakafuni, akangoja.